Rangi ya Munkoyo

Apitaye vitongoji vya Kolwezi, kusini mwa Kongo, au vijiji vya kando ya ziwa Nzilo, ambako mto Lualaba ulizuiwa kwa bwawa katika miaka ya 1950, hakosi kumwona mama aliyesimama mbele ya pipa, mwiko mrefu mkononi, akikoroga uji wa mahindi uliokusudiwa kuwa munkoyo, kinywaji chetu cha nyumbani. Na kesho yake hakosi kumsikia mnunuzi akiuliza mbona kinywaji cha leo kimekuwa cheusi kuliko cha juzi, hali unga ni ule ule na mkono ni ule ule. Swali hilo huulizwa kila penye pombe ya nyumbani, iwe ya shayiri huko Ulaya au ya mahindi huku kwetu, na aghalabu huulizwa kwa lawama. Mimi nalihesabu kuwa swali la heshima, kwa kuwa jibu lake hudhihirisha elimu iliyomo katika mikono ya akina mama hao.

Sababu ya kwanza ni moto. Mnamo 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na viasili vya protini vikutanapo katika joto vinavyozaa rangi ya hudhurungi, ile ile ipatikanayo katika ganda la mkate na katika kimea kilichokaushwa. Uji ukikaa kutwa juu ya makaa, na chini ya pipa, ambako chuma kina joto kupita kadiri, ukashika japo kidogo, weusi huo hupanda ukaenea kote, wala hakuna kuchuja kuwezako kuuondoa.

Walakini jambo lenye uzito zaidi ni mzizi. Mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, iitwayo Rhynchosia na wataalamu, huchimbwa katika misitu ya miombo, hukaushwa, hupondwa, kisha hutiwa katika uji uliokwisha poa ukawa vuguvugu, maana joto la kuchemka huua nguvu yake. Na vimeng'enya vyake huvunja wanga ukawa sukari, hata uji mzito ukalainika kuwa maji mbele ya macho. Sioni ajabu iizidiyo hii katika majiko yote, kwani Mzungu hana budi kuotesha shayiri yake, kuikausha na kuisaga ili apate nguvu ambayo mzizi wa porini huitoa bila taabu hiyo. Lakini mzizi huja na rangi yake, hasa usipoambuliwa maganda, na hewa nayo huikoleza, kama inavyolifanya biringanya lililokatwa. Na atakayekirudisha kinywaji motoni baada ya mzizi kumaliza kazi, atakuwa ameupa moto sukari tele ambayo uji wa kwanza haukuwa nayo; hapo weusi huja upesi, naye hubaki akiulaumu unga.

Maji pia yana neno. Miamba ya dolomiti iliyoshika shaba yetu huyatia maji chokaa, na watengenezaji bia wamejua tangu zamani kwamba maji ya namna hiyo huongeza rangi. Tena kina hudanganya jicho: kilicho cheusi ndani ya pipa huonekana cha hudhurungi hafifu kikimiminwa katika kikombe.

Kiwanda cha Brasimba, Lubumbashi, hutengeneza bia nyeusi ya Tembo kwa makusudi, kwa mizani na vipimo vya joto, na chupa zake zafanana. Mama wa Nzilo hana kipimo ila jicho, pua na sauti ya uji ukitokota, naye hukaribia usawa huo siku baada ya siku, kwa kuni zisizolingana na mizizi isiyolingana. Apendaye kinywaji cheupe na amwambie mapema, ili mizizi iambuliwe, moto upunguzwe na mwiko usipumzike, wala asishangae bei ikipanda kidogo kwa taabu hiyo. Mimi naomba kile kilichokolea.