Mbwa Ana Nafsi, Watu Hawana Jina

The Call of the Wild ya Jack London ni riwaya fupi, sura saba tu. Ilitoka mwaka 1903, kwanza vipandevipande katika jarida la Saturday Evening Post, kisha ikawa kitabu mwaka huohuo. Ukiifanyia uchambuzi ule wa darasani utapata majibu yako haraka: dhamira ni mvuto wa maisha ya porini, mandhari ni baridi kali ya Klondike wakati wa mbio za dhahabu, mhusika mkuu ni mbwa anayeitwa Buck. Sawa kabisa. Ila kuna kipengele kimoja cha fani ambacho wengi hukipitia juujuu, na kwa maoni yangu ndicho kinachobeba kitabu kizima: usimulizi. Nani anatusimulia, na anatuingiza moyoni mwa nani?

Sisi tuliolelewa na hadithi za sungura na fisi tumezoea mnyama anayesema. Sungura anakopa, anadanganya, anatafuta mchumba, wala hakuna anayeuliza kama kweli ana akili hiyo, maana tunajua yule ni binadamu ndani ya ngozi. Hata Shamba la Wanyama, riwaya ya Orwell ambayo wengi tuliisoma kwa tafsiri ya Kawegere, inafuata njia hiyohiyo. London hakuifuata. Buck hasemi neno. Anabaki mbwa mwanzo mpaka mwisho, na anayesema ni msimulizi aliyesimama nyuma yake, anayejua asichokijua mbwa.

Angalia anavyoanza. Jambo la kwanza tunaloambiwa ni kwamba Buck hasomi magazeti. Ni utani, lakini ndani yake mna kazi kubwa. Papo hapo msomaji anajua kuna habari (dhahabu imepatikana kaskazini, mbwa wenye nguvu wanatafutwa) ambayo mhusika mwenyewe haijui. Buck anastarehe kwa Jaji Miller, bonde la Santa Clara huko California, huku Manuel, msaidizi wa mtunza bustani mwenye uraibu wa kamari, anatafuta mnunuzi. Sisi tunajua. Mbwa anatikisa mkia.

Mbinu hii ilimletea London matata. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliwashambulia hadharani waandishi waliokuwa, kwa maoni yake, wanawapaka wanyama akili za uongo, na London alikuwa miongoni mwao. London alijibu mwaka uliofuata, akasema kwamba alikuwa amejisumbua makusudi kumkumbusha msomaji kuwa mbwa wake hawafikirii mambo hayo, wanayatenda tu. Ni kweli, kumbushi hizo zimo kitabuni. Lakini tuseme wazi: anatangaza kwamba Buck hafikirii, kisha anatumia aya nzima kutueleza maana ya rungu la yule mtu wa sweta jekundu, kana kwamba Buck ametoka kwenye mhadhara wa falsafa. Mimi hili halinikeri. Bila udanganyifu huo mdogo tungebaki na mbwa anayepigwa tu.

Na pale anapojizuia ndipo anaponimaliza kabisa. Soma kifo cha Dave. Dave ni mbwa wa kazi, mnunaji, hana urafiki na mtu. Anaugua ndani kwa ndani, hawaoni hata mfupa uliovunjika. Wanamtoa kwenye kamba za sleji ili apumzike, na mwenzake Sol-leks anawekwa mahali pake. Dave hataki. Anahangaika pembeni kwenye theluji laini, na msafara unaposimama anazikata kwa meno kamba za Sol-leks, kisha anasimama mbele ya sleji, palepale penye nafasi yake. Madereva wanamfunga tena, basi, afe akiwa kazini. Mwishowe, hata hilo likishindikana, mmoja wao anarudi nyuma kwenye miti, unasikika mlio wa bastola, na msafara unaondoka. Msimulizi hatupi wasia wala machozi. Anatuambia tu kwamba mbwa wote walijua.

Sasa weka kurasa hizo kando ya sura ya mwisho. John Thornton, bwana ambaye Buck alimpenda, ameuawa na watu wanaoitwa Yeehat. Buck anawakuta wakicheza kambini na kuwararua. Kisha ananusa maiti na kushangaa kwamba wamekuwa rahisi kuuawa kuliko mbwa. Nani kati yao ana jina? Hakuna. Kwa nini walishambulia? Hatuambiwi. Msimulizi yuleyule aliyejua uchungu wa Dave kwa kumtazama mgongo, hapa hajui lolote, na hataki kujua.

Hata jina Yeehat London alilitunga. Wenyeji halisi wa mdomo wa mto Klondike ni Tr'ondëk Hwëch'in, na mwaka 1897, mwaka uleule London alipofika Yukon kutafuta dhahabu, chifu wao Isaac alikuwa anawahamishia watu wake Moosehide ili kujiepusha na wimbi la wachimbaji. Kwa hiyo sababu za ugomvi zilikuwapo, tena za kutosha riwaya nyingine. Katika kitabu hiki bonde la dhahabu linasubiri likiwa tupu, kama mabonde mengi ya huku kwetu yalivyokuwa tupu kwenye vitabu vya wasafiri wa Kizungu.

Wapo watakaosema ninadai mengi kwa kitabu cha mbwa. Ningekubali kama mtazamo ungekuwa wa Buck peke yake, kwa sababu mbwa hana habari na haki ya ardhi. Lakini tumeshaona kuwa msimulizi hakufungwa na ujuzi wa mbwa. Alitueleza kamari ya Manuel. Alitueleza pia kwamba dola 1,600 alizoshinda Thornton kwa nguvu za Buck, pale alipovuta sleji yenye mzigo wa ratili elfu moja, ndizo zilizolipa madeni na kugharimia safari ya kwenda kwenye bonde hilo la mauti. Fedha anaifuatilia senti kwa senti. Wenye nchi anawaruka.

Halafu kinakuja kitu ambacho sijui kama London mwenyewe alikitambua. Katika kurasa za mwisho kabisa usimulizi unabadilika. Hatumfuati tena Buck kwa karibu, tunamsikia kupitia masimulizi ya Yeehat: kuna mbwa wa kizimwi anayeongoza kundi la mbwa mwitu, anaiba kambini mwao, na kuna bonde ambalo hawaingii. Wanawake wao wana huzuni hadithi hiyo inaposimuliwa kando ya moto. Yaani ili Buck ageuke kutoka mnyama hadi kisa cha kale, riwaya imelazimika kwenda kuazima midomo ya watu wale wale iliowanyima majina.

Ukiisoma tena, anzia hapo, kisha rudi sura ya kwanza.