Mwalimu Aliyenyoosha Rimu

Huku kwetu mtu anayesimama pembeni ya uwanja na filimbi haitwi kocha. Toka Kasulu mpaka Kibondo ni "mwalimu" tu, hata kama hajawahi kushika chaki. Nililitamka neno hilo kwa mazoea miaka mingi, mimi niliyekuwa nikiitwa hivyo na watoto wa chandimu. Aliyenifanya nilifikirie ni Mhispania, Pablo Franco Martín, aliyefika Simba Novemba 2021.

Alizaliwa Madrid mwaka 1980, na hakuja na sifa ya kuwa mchezaji mkubwa. Alipanda kupitia benchi la ufundi. Alikuwa akifundisha kikosi cha pili cha Getafe pale Quique Sánchez Flores alipoondoka katikati ya msimu wa 2014/15. Akakabidhiwa timu ya wakubwa akiwa na miaka 34, na Getafe haikushuka daraja. Baadaye akaenda Saburtalo ya Georgia, akawa msaidizi wa Santiago Solari pale Real Madrid, kisha Qadsia ya Kuwait. Njia hiyo si ya mtu anayetafuta sifa za haraka.

Simba aliyoikuta ilikuwa na jeraha bichi. Luis Miquissone alishauzwa Al Ahly na Clatous Chama alishauzwa Berkane. Oktoba, Jwaneng Galaxy ya Botswana ilifungwa 2-0 kwao, ikaja Dar es Salaam ikashinda 3-1 palepale Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Wekundu wa Msimbazi wakatupwa nje ya Ligi ya Mabingwa. Didier Gomes, mwalimu wa wakati ule, akaondoka. Siku ya mechi ile, kwenye banda la kuonyesha mpira Kasulu, watu walitoka kimya, na kimya cha mashabiki wa Simba ni kitu cha nadra.

Nenda kwa fundi baiskeli yeyote wa hapa mjini umpelekee gurudumu lililopinda kwa kubeba magunia ya maharage. Hatashika nyundo. Ataipindua baiskeli miguu juu, atalizungusha gurudumu polepole, jicho likiwa kwenye upenyo kati ya rimu na breki. Atakaza spoku moja nusu mzunguko, atalegeza ya upande wa pili, atazungusha tena. Mwenye baiskeli anaweza kuudhika kwamba kazi haionekani. Pablo alifanya kazi ya namna hiyo, na mimi nilikaa kwenye benchi la mbao nikiitazama mechi baada ya mechi, jenereta ikinguruma nyuma ya banda.

Tazama alichokifanya nyumbani katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako Simba iliangukia baada ya kutolewa Ligi ya Mabingwa. Red Arrows ya Zambia ilikufa 3-0. ASEC Mimosas 3-1, siku Pape Ousmane Sakho alipofunga kwa tikitaka, bao ambalo baadaye CAF ililitangaza bao bora la mwaka 2022. Berkane 1-0, Sakho tena. USGN ya Niger 4-0. Orlando Pirates 1-0. Mechi tano, ushindi mara tano, mabao 12 ya kufunga, bao moja tu la kufungwa, kwenye nyasi zilezile ambako Jwaneng walikuwa wamepitisha matatu kwa siku moja. Na haya aliyafanya bila Chama: alirudi Januari 2022, lakini kwa kuwa alishaichezea Berkane kwenye mashindano hayo, hakuruhusiwa kuichezea Simba Afrika.

Kuna jambo dogo ninalolipenda zaidi kuliko hata ile tikitaka. Penalti dhidi ya ASEC ilipigwa na Shomari Kapombe, na ya Pirates ni yeye tena. Beki wa kulia! Timu ina washambuliaji wa kutosha, lakini mpira wa kuamua anapewa mtu mtulivu. Mwalimu anayejua moyo wa kila mtu wake hufanya hivyo.

Ugenini ilikuwa hadithi nyingine, na sitaificha. Hakushinda hata mechi moja kati ya tano, akafungwa mabao tisa. Soweto, Aprili 24, Simba ilibaki pungufu baada ya Chris Mugalu kuonyeshwa kadi nyekundu, ikafungwa 1-0, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti 4-3. Mechi ile niliitazama Kibondo. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alisema taratibu, "Mwanangu, hawa wamekufa wamesimama." Nami naona hivyo hivyo.

Jumatatu yake nilirudi Kasulu, nikachukua kamba ya kuanikia nguo nikawaunganisha mabeki wangu wanne viunoni, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia wasogee kulia na kushoto kufuata mpira bila kamba kukaza wala kuburuta chini. Uwanja wetu una mteremko, kwa hiyo walianguka sana na kucheka sana. Wiki ya tatu nilifungua kamba, na watoto wakaendelea kutembea kana kwamba bado wamefungwa. Siku hiyo nilielewa kazi ya mwalimu: ukishaondoka pembeni, kamba ibaki.

Ligi ilikwenda Yanga. Watani wa jadi walitoka suluhu 0-0 mara mbili msimu ule, halafu Mei 28 Yanga wakashinda 1-0 Mwanza, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani. Siku tatu baadaye Simba ikatangaza kuachana na Pablo. Mwaka uliofuata alikwenda AmaZulu ya Durban.

Kwa wanaosema alishindwa, nina jambo moja tu. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika ilichezwa Uyo, Nigeria, Mei 20, 2022, kati ya Berkane na Orlando Pirates. Wote wawili walikuwa wamepita Mkapa mwaka ule, na wote wawili waliondoka wamefungwa bila kupata bao.