Land Rover ikizima umeme Ipole, anza na waya wa bodi

Ipole ndipo barabara itokayo Tabora kupitia Sikonge inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Koga na Mpanda, mwingine unashuka Rungwa. Mbele kote ni miombo. Land Rover 109 ikigoma kuwaka hapo, madereva wengi hukimbilia betri. Wanaazima nyingine, wanaifunga, gari bado limelala. Kwa Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985, mimi hushuku kwanza waya wa bodi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri.

Sababu iko kwenye muundo wa gari lenyewe. Chesisi ni chuma, bodi ni aluminiamu, injini imekalia raba. Umeme ukishatoka chanya ya betri na kufanya kazi yake kwenye starta, lazima urudi hasi. Raba haiupitishi, kwa hiyo injini inategemea mkanda mmoja wa shaba uliofungwa kwenye chesisi kwa bolti. Bolti hiyo hushika kutu. Kwenye bodi, aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu hutoa unga mweupe unaozuia umeme, na mvua za Tabora hunyesha Novemba hadi Aprili.

Hesabu yake inatisha. Starta ikivuta ampea 200, ukinzani wa omu 0.01 tu unakula volti 2 kati ya 12. Ndiyo maana taa ya ndani inawaka vizuri, lakini ukipiga starta unasikia mlio mmoja, kisha kimya.

Kwa hiyo pima umeme ukiwa kazini. Shika ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige starta. Mita ikizidi nusu volti, njia ya kurudi imeharibika. Huna mita? Gusa waya wa choki baada ya kupiga starta mara kadhaa. Ukiwa wa moto, umeme umekosa mkanda wake na unajipenyeza humo. Acha mara moja, kwani unaweza kuunguza waya. Taa za nyuma nazo zikipepesa pamoja na indiketa, tafuta kosa hilohilo nyuma.

Dawa ni spana na msasa: fungua, sugua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

Vyote vikifa kwa mpigo, honi na taa pia, kagua vichwa vya betri, halafu fuata waya wa kahawia kutoka starta hadi dashibodi. Katika magari ya Kiingereza ya enzi hizo huo ndio umeme mkuu, nao hauna fyuzi.

Ndugu mafundi, acheni kuchomoa betri injini ikiunguruma ili "kujaribu chaji". Ni mazoea ya enzi za dinamo. Oltaneta ikifanyiwa hivyo huweza kuunguza daiodi zake. Pimeni kwa mita: chaji nzima ni volti 13.8 hadi 14.4.