Pongezi kwa Watunza Kambi za Ufukweni
Kuanzia Tiwi hadi Pangani na Kigamboni, wageni hufika na mahema yao, wengine wakilala juu ya paa la gari. Hukuta pamefagiliwa; nani kafagia, hawaulizi.

Kabla ya hema kusimama, mkwezi ameshaangua nazi kavu na kukata makuti yaliyolegea, maana nazi ikianguka usiku yaweza kuua. Kusi likivuma, vigingi havishiki mchangani. Mtunza kambi hujaza mfuko mchanga, akaufukia, akafunga kamba hapo. Maji ya kisima yana chumvi inayokula koki, kwa hiyo spana haimtoki mkononi. Vyoo huviosha alfajiri, na vikiziba, mwenye kuvizibua ni yeye. Usiku wa bamvua, askari humulika tochi kwenye mstari wa mwani, akamwamsha aliyepiga hema chini yake, maji yasimfikie.

Mgeni hulipia kulala tu, na risiti haitaji lolote kati ya hayo. Kwa hiyo tuondokapo, tuzime moto wetu na kubeba chupa zetu. Tukimwachia mtunza kambi aziokote, tunamwongezea kazi juu ya deni ambalo hatujalilipa.