Ukitaka Kuujua Mruko, Tazama Mguu Unaoiaga Barafu

Wapo mashabiki wanaosema mpaka leo kwamba Ilia Malinin alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana wa kuteleza kwenye barafu mwaka 2022, jijini Tallinn, kwa kuruka tu. Mmarekani huyo alikuwa na miaka 17, akapata alama 276.11, na aliyemfuata, Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan, aliachwa kwa zaidi ya alama 40. Hoja yao ni kwamba ukimwondolea miruko ya mizunguko minne habaki na kitu. Mimi naikataa, na sababu zangu ni za kiufundi.

Kwetu Zinga, na Bagamoyo yote, barafu tunayoijua ni ile ya kuhifadhia samaki. Kiwanja cha kuteleza kilicho jirani nasi ni kile cha Hoteli ya Panari, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 2005. Lakini mwili unaozunguka hewani tunaufahamu vizuri sana. Sarakasi inafundishwa TaSUBa, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na maji yakipwa utawakuta vijana ufukweni wakipiga kichwangomba kwenye mchanga mbichi, kwa sababu mkavu unameza nguvu ya mguu. Mwenye jicho la sarakasi ana haki ya kuingia kwenye mjadala huu.

Tuanze na mruko wa Axel, ndio unaobishaniwa zaidi. Miruko mingine yote mtelezaji huianza akienda kinyumenyume. Axel peke yake huanzwa akielekea mbele. Na kwa kuwa kutua ni kinyumenyume siku zote, Axel hubeba nusu mzunguko zaidi. Ule wa mitatu ni mitatu na nusu, ule wa minne ni minne na nusu.

Chini ya kiatu kuna bapa la chuma lenye makali mawili, ya ndani na ya nje. Malinin anaingia kwenye Axel akiegemea makali ya nje ya mguu wa kushoto. Goti la kushoto linakunjika, mikono yote miwili iko nyuma ya nyonga. Kisha mguu wa kulia unapita mbele kwa nguvu, goti likipanda, mikono ikifuata, na wakati huohuo bapa la kushoto linakwaruza barafu kidogo, kama breki. Mwendo wa kwenda mbele unageuka kuwa mwendo wa kupanda na kuzunguka. Yote hayo yanakwisha kabla jicho la kawaida halijagundua kuwa ameruka.

Hapo ndipo kazi ilipo. Nguvu ya kuzunguka hupatikana mguu ukiwa bado unaisukuma barafu. Akishaiacha, haongezi hata chembe. Kilichobaki ni kuitumia. Akibana mikono kifuani na kupishanisha miguu, kasi inapanda hadi zaidi ya mizunguko 5 kwa sekunde. Akifungua mikono, inashuka, anatua kwa makali ya nje ya mguu wa kulia. Hewani anakaa takriban sehemu saba za kumi za sekunde. Aliyeondoka vibaya hana muda wa kujirekebisha huko juu, na kijana wa sarakasi aliyewahi kuruka akiwa ameshatupa kichwa nyuma mapema anajua ninachosema.

Sasa karatasi ya alama. Axel ya minne ina thamani ya msingi ya 12.50, ya mitatu 8.00. Majaji huongeza au kupunguza kwa daraja la kuanzia -5 hadi +5, na kila daraja ni asilimia 10 ya thamani hiyo. Jopo la ufundi, ambalo si majaji, hurudia picha taratibu kuangalia kama mzunguko umetimia. Ukipungua kwa zaidi ya robo bila kufika nusu, thamani inabaki asilimia 80: ile 12.50 inakuwa 10.00. Akianguka juu ya hapo, majaji wakampa -5, zinabaki 5.00, na anakatwa alama nyingine moja kwa kuanguka. Amebaki na 4.00. Mwenzake aliyepiga Axel ya mitatu safi kabisa, yenye +5 kamili, anaondoka na 12.00. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alijaribu Axel ya minne Beijing Februari 2022 akaanguka, na mzunguko ukahesabiwa kuwa pungufu. Malinin aliitua Lake Placid tarehe 14 Septemba mwaka huohuo, wa kwanza duniani kufanya hivyo mashindanoni.

Turudi Tallinn. Kanuni za onyesho fupi la vijana wa kiume zilikataza miruko ya mizunguko minne. Hakuna aliyeruhusiwa. Ndani ya kanuni hizo Malinin alipata 88.99. Silaha ile wanayosema ndiyo iliyombeba ilikuwa imefungiwa kabatini, na bado aliongoza, kwa Axel ya mitatu, kwa mizunguko iliyotimia na kwa makali ya kutua yaliyoendelea kutiririka badala ya kukwama. Onyesho refu lilimpa 187.12, na huko mizunguko minne ilihusika sana, sibishi. Lakini mguu uliompa zile 88.99 ndio uleule ulioirusha mizunguko minne.

Kuna jambo linalotugusa zaidi sisi wa pwani. Kichwangomba cha nyuma kilikuwa marufuku barafuni kwa miongo kadhaa baada ya Terry Kubicka kukipiga Olimpiki ya Innsbruck, 1976. Surya Bonaly wa Ufaransa alikipiga Nagano 1998 akatua kwa mguu mmoja, akijua atakatwa. Adam Siao Him Fa, Mfaransa ambaye wazazi wake wanatoka Mauritius, alikipiga kwenye mashindano ya Ulaya Januari 2024, akakatwa alama 2, na ubingwa akauchukua. Katikati ya mwaka huo marufuku ikaondolewa. Nilifurahi kwa dhati. Hata hivyo kichwangomba hakimo katika orodha ya miruko yenye thamani ya msingi, na sioni kosa. Mtelezaji hukipiga kwa miguu miwili, kama wetu ufukweni, na makali ya bapa, ambayo ndiyo roho ya mchezo wenyewe, hayaulizwi swali gumu wakati wa kuondoka.

Ningependa mashindano yetu ya sarakasi za vijana yaazime jambo moja kutoka huko: jopo moja litaje kilichofanyika na kama kimetimia, jingine lipime kimefanywa vizuri kiasi gani. Leo mara nyingi kazi zote mbili anapewa mtu mmoja, makofi ya watu yakiwa masikioni mwake, na kijana aliyeondoka vizuri akatua kimya anapitwa na aliyeruka juu zaidi akayumba.