Skrini ni Full HD, Mbona Picha Ina Ukungu?

Nyumba moja ya Amalemba, hapa Kakamega mjini, ilinunua runinga ya inchi 43 iliyoandikwa Full HD kwenye boksi, na picha ikabaki na ukungu uleule wa runinga ya zamani. Runinga ilikuwa nzima. Nyuma yake kulikuwa na waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, uliotoka kwenye dikoda, na hapo ndipo pesa zote za skrini zilipokuwa zikipotelea.

Ule wa njano ndio unaobeba picha, tena kwa analogi, na haupitishi zaidi ya mistari 576. Picha ya kawaida ni nukta 720 kwa 576, kama laki nne hivi. Full HD ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili: mara tano kamili. Dikoda inazipokea zote, inazipunguza ili zipite kwenye waya, kisha runinga inazitanua upya zijaze kioo. Namba za jezi za wachezaji hazisomeki. Tuliweka kebo ya HDMI, tukachagua HDMI kwa rimoti, halafu tukaingia kwenye menyu ya dikoda, maana zipo zinazobaki kwenye 576 mpaka uzipandishe mwenyewe hadi 720 au 1080. Kebo ya mita moja haihitaji kuwa ya bei kali. Ya kawaida inatosha.

Dikoda nayo ina historia yake. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, baadaye ikahamia DVB-T2, na mwaka 2015 mitambo ya analogi ikazimwa. Waliowahi kununua dikoda za mwanzo waliumia, kwani dikoda ya DVB-T hainasi DVB-T2. Mtego huo bado upo kwenye runinga za mitumba kutoka Uingereza: huko DVB-T2 iliingia mwishoni mwa 2009 kwa ajili ya chaneli za HD, na nyingine zikaendelea na DVB-T. Runinga ya namna hiyo yaweza kuwa na kipokezi cha dijitali ndani na isinase chochote hapa. Kabla ya kutoa pesa, tafuta alama ya T2. Ikikosekana, kioo bado ni kizuri, ila weka hela ya dikoda kando.

Antena ndiyo ningeomba watu waigharamie. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, na bati huzuia mawimbi, kwa hivyo antena ndogo ya juu ya kabati inahangaika bure. Panda na antena ya UHF juu ya paa, ifunge kwenye mlingoti, tazama za majirani zimeelekea wapi, na mtu mmoja abaki ndani akisoma menyu. Kuna vipimo viwili, nguvu na ubora, fuata ubora. Zungusha kidogo, subiri, zungusha tena, kwani kipimo huchelewa kubadilika. Dijitali haina zile chengachenga za zamani: mawimbi yakitosha picha ni kamili, yakipungua inakatika vipande au kioo kinakuwa cheusi. Ndiyo sababu busta haiokoi antena iliyoelekezwa vibaya. Inakuza mawimbi pamoja na kelele zake.

Waya wa kushuka uwe RG6 wa ohmu 75. Unapoumenya, nyuzi za nje zisiguse ule wa katikati hata moja, na kiungo cha juu kifungwe kisiingie maji. Kwa mvua za Kakamega, kiungo kilichoachwa wazi hakikawii kuoza.

Chaneli inayotumwa kwa picha ya kawaida itabaki hivyo hata ukifanya haya yote. Chaneli nyingi hugawana masafa yaleyale, na kila inayoongezwa inapunguza fungu la wenzake. Kwa hivyo pima kazi yako kwa chaneli unayojua inarushwa kwa HD.

Na radi ya alasiri ikianza kunguruma, usitosheke na kuchomoa plagi ya umeme. Chomoa na waya wa antena kwenye dikoda, mapema, kabla haijakaribia, kwa sababu radi hupita huko vilevile na kuingia kwa HDMI mpaka kwenye runinga.