Juu ya Neno “Gham” la Kiurdu na Tafsiri Yake

Kamusi za Kiurdu kwa Kiingereza, tangu ile ya John T. Platts iliyotolewa mwaka 1884, hulieleza neno gham kwa maneno “grief” na “sorrow”. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni pungufu, na upungufu wake humdhuru zaidi mfasiri wa mashairi.

“Grief” asili yake ni Kilatini, lenye maana ya uzito. Zama za Shakespeare liliweza kutajwa hata kwa maumivu ya mwili. Siku hizi aghalabu ni huzuni ya mfiwa. Lakini Kiurdu kinalo neno la jambo hilo, nalo ni ghami, yaani msiba. Na watu husema shadi-ghami, arusi na matanga. Basi mwenye kutia “grief” kila palipo na gham humvika mshairi nguo za kufiwa, hali hakufiwa na mtu.

Gham lilitoka Uarabuni likapita Uajemi. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kufunika, na kwa hiyo ghamam ni mawingu. Kiajemi kikaongeza jambo geni: gham huliwa. Kiurdu nacho husema gham khana, “kula gham”, yaani kustahimili, na pia kuyajali ya mwenzio. Ghamkhwar, mla gham, si mwenye huzuni bali ni mfariji wake. Hapa Kiingereza hutoa neno la shina jingine kabisa, na msomaji wa tafsiri hapati kujua kwamba kufariji huko ni kula sehemu ya gham ya mtu mwingine.

Hasara ni kubwa zaidi katika ghazal. Ghalib (1797–1869) aliweka gham-e-ishq, ya mapenzi, mkabala na gham-e-rozgar, ya dunia na riziki. Na katika zama za Faiz Ahmed Faiz (1911–1984) mabishano juu ya gham ya kipenzi na gham ya zama yalikuwa mabishano juu ya kazi yenyewe ya mshairi. Mizani hii husimama kwa kuwa neno ni moja pande zote mbili. Wafasiri wakiandika “grief” kwa mapenzi na “cares” kwa dunia, shairi hubaki na mambo mawili yasiyohusiana, na swali la mshairi, ni ipi kati ya gham hizi imstahiliyo, halisikiki tena.

Mswahili apitiaye Kiingereza ataandika “majonzi” upande mmoja na “shida” upande wa pili, arithi kosa lisilo lake. Kiswahili kinalo ghamu, ijapokuwa huonekana zaidi katika tungo kuliko katika mazungumzo. Tena lugha iliyozoea kula kiapo, kula hasara na kula njama haiwezi kushangazwa na mla ghamu. Hata hivyo ghamu yetu ni nyembamba: ni huzuni tu, haina ile maana ya kujali, na mfasiri hana budi kuijenga kwa muktadha. Wala udugu wa asili usiaminiwe mno. Hamm ya Kiarabu ni wasiwasi na mashaka; ilipofika pwani ikawa hamu, na mwenye hamu leo ni mwenye shauku.